Gracinda Alivyotaka Kuibiwa

Hapa sokoni Coimbra hakuna wa kumshinda Gracinda kwa kelele, na nasema hivyo mimi ninayeuza kabichi pembeni yake, masikio yangu ndiyo mashahidi. Mume, Gracinda ndiye aliyemfukuza, alipomkuta anauza pete yake ya ndoa. Watoto wawili kawalea kwa tanipu, ile mizizi myeupe yenye mashavu ya zambarau. Mmoja yuko Ufaransa, mwingine afadhali naye angekuwa huko. Mimi na yeye tulinuniana miaka kwa ajili ya meza ya karibu na mlango. Kaichukua yeye. Sijasahau. Ila ukikaa na mtu meza kwa meza utaongea tu, mdomo hauna kufuli.

Vuli hii magoti yamemwambia basi. Kasema sikukuu ya wanafunzi, ile ya makopo, ikipita, anafunga meza. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka kabla hajaondoka: aibiwe.

Kwetu mwanafunzi mpya wa chuo kikuu, siku ya maandamano, anaburuta makopo mguuni na mkononi ana tanipu. Anaing'ata mbichi, inayobaki anaitupa katika mto Mondego. Na hiyo tanipu lazima iwe ya kuiba sokoni. Ukinunua, masomo yatakushinda. Ukipewa, ndiyo kabisa. Tena hawaibi kwa kila mtu, wanaiba kwa mama anayejua kutukana. Zamani meza ya Gracinda ilikuwa inabaki tupu asubuhi asubuhi. Siku hizi wanakwenda kwa Olinda kule mwisho, kwa sababu Olinda anapiga nao picha. Mwizi anapigwa picha anacheka! Hata shetani hakuliwaza hilo.

"Mwaka huu wataniibia mimi," Gracinda akaniambia. "Nimewatungia matusi mapya."

Basi Alhamisi akampokea mpangaji wa wiki moja, mzee wa Kidenmaki anaitwa Eskild, mstaafu wa forodha. Alikuja kuona ile maktaba ya dhahabu ya chuo, huko juu kilimani. Mrefu kama nguzo ya taa, mpole, Kireno chake cha kitabuni. Maktaba akaiona, ngazi za mji akazipanda zote, Jumamosi ikanyesha, akaja sokoni kumbebea mama mwenye nyumba masanduku.

Siku hiyo hiyo binti mmoja akaja kujaribu bahati mapema. Mkono chap, tanipu ndani ya koti. Gracinda kashafungua mdomo, uso unang'aa kama bibi harusi, mara Eskild huyo, kachomoka! Akamkamata binti kwenye meza za samaki.

"Tafadhali rudisha mali ya mama huyu," akasema, "na umwombe radhi."

Binti akarudi analia, akaweka tanipu, akaomba radhi. Gracinda mdomo bado uko wazi.

"Usinishukuru, Mama Gracinda," mzee akasema. "Miaka yangu yote bandarini hakuna aliyenipita."

"Naona," Gracinda akasema.

Nikamvuta pembeni. "Mwambie, basi!"

"Nimwambieje, Zulmira? Mimi mtu mzima, niseme naomba niibiwe?"

Kufika Jumatatu wanafunzi wote wanajua meza ya Gracinda ina askari. Jumanne, siku yenyewe, wakaingia sokoni, makopo yanapiga kelele, vichwani wamevaa mabeseni na masikio ya sungura. Wakamwona Eskild kasimama, mikono nyuma. Wakakata kona kwenda kwa Olinda. Gracinda akawa anapanga tanipu ambazo kashazipanga. Hapo nikashindwa.

"We Mdenmaki," nikasema, "una akili au una urefu tu?"

"Sijakuelewa, bibi."

Nikamweleza yote. "Kwetu kuibiwa siku hii ni heshima. Leo ndiyo siku yake ya mwisho, na wewe umemlinda mpaka umemzika."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Ni kweli, mama?"

"Kweli," Gracinda akasema. "Lakini si kosa lako, baba. Ndivyo ulivyozaliwa."

"Basi nitasimama nje."

"Haisaidii," nikamwambia. "Watadhani umewategea."

Mzee akafikiri. Akafunga vifungo vya koti kama anakwenda kanisani. Akachagua tanipu kubwa kuliko zote, maana hata kuiba hajui, akaitia kwapani, akaondoka. Anatembea!

"Kimbia, we nguzo!" nikampigia kelele.

Akakimbia. Na Gracinda ikamtoka: "Mwizi! Mwizi huyooo! Nimekulaza kwenye shuka safi, nimekupa supu na soseji, unaniibia! Miguu mirefu, haya fupi! Rudi kwenu kwenye barafu ukawaibie sili!" Ufagio juu, anamfukuza, magoti kayasahau.

Kwa Olinda wakageuka. Kisha mtu akapaza sauti, "Askari kaiba!" Wakamwagika wote. Kila mkono uliogusa meza ile ulipata tusi lake, na hakurudia hata moja.

"Bibi Gracinda, mimi bado sijatukanwa!" kijana mmoja akalalamika.

"Wewe nitalipoteza tusi bure, toka!"

Eskild walimfunga makopo mguuni wakamwambia mwizi lazima ang'ate. Akang'ata, na udongo wake, machozi yakamtoka, wakamburura hadi mtoni wanamwimbia. Gracinda kakaa juu ya sanduku tupu, sauti imekwisha, anacheka kimya kimya mabega yanaruka.

"Basi," akaninong'oneza. "Sasa ndiyo nimestaafu."

Na mimi nilifurahi, sikatai. Ila kwenye vurugu ile kuna mtu kabeba kabichi yangu. Kabichi haimo kwenye mila. Nimemwona, ana pua kama bata, wenzake wanamwita wakili. Masomo ya sheria ni marefu, na mimi sistaafu.