Doa Kwenye Moyo wa Mama Mkwe

Nikiwasimulia hii mtacheka, na chekeni tu, aibu yenyewe nilishaizoea. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla sijarudi Kitale, kazi yangu ilikuwa kupiga picha za moyo katika hospitali moja kubwa Nairobi: mgonjwa anadungwa dawa yenye miale, analala, kamera inamzunguka kifua, na mahali damu haifiki panatokea doa jeusi. Sharti la kwanza ni kumwambia atoe kila chuma kifuani, kwa sababu chuma kinazuia miale na kuleta doa la uongo. Hiyo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua.

Basi siku hiyo mgonjwa akawa mama mkwe wangu kutoka Bumula, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mama aliyewahi kusafiri hadi Malakisi kuwahubiria wakulima wa tumbaku waache majani ya shetani. Na kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani (tangu nioe sikuwa nimemwona uso vizuri, polisi wangeniuliza anafanana vipi ningenyamaza). Mwenzangu Wanjiru alikuwa ameenda kunywa chai. Ningemngoja dakika ishirini tu, lakini nikajiambia si ni picha tu, nikamwomba nesi amlaze (kuuliza habari za chuma ni kazi yangu, si yake), nikasimama mlangoni nimeangalia ukuta, nikasema, "Mama, lala vile uko, usitingishike." Kumwambia mama mkwe atoe vitu kifuani, huo mdomo ningeutoa wapi?

Picha ikatoka na doa mbele ya moyo, kubwa, jeusi, la mviringo kabisa. Daktari akatikisa kichwa, akasema huenda kifua kikapasuliwa. Nikampigia mke wangu simu Kitale, naye akapiga Bumula, na siku ya tatu nikakuta korido imejaa watu wa kanisa pamoja na mke wangu na pasta, wanaimba na kulia, nami nikalia nao, maana nilimwogopea kweli yule mama.

Daktari akataka picha irudiwe kwanza. Safari hii akaingia Wanjiru. Hakumaliza hata dakika mbili, akatoka mbele ya kanisa zima ameinua kikopo cha shaba, kizito, cha mviringo kabisa.

"Ati hukumwambia atoe vitu? Ugonjwa si ndio huu, bana!"

Kifuniko kikafunguka. Pasta, aliyekuwa karibu, akapiga chafya mara tatu. Ulikuwa ugoro (tena wa Malakisi, mke wangu alikuja kukiri, na kikopo mama alikirithi kwa mama yake). Wimbo uliishia katikati ya ubeti.

Picha ya pili ilikuwa safi, moyo mzima kama wa msichana. Mama akapita koridoni amejifunika leso usoni, mimi nimegeukia ukuta, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika hadi getini:

"Mwambie huyo mkwe, heshima yake karibu inipasue kifua."

Tangu siku hiyo, mgonjwa akilala tu namuuliza ana nini kifuani, hata awe askofu. Na akija mama mkwe, mimi ndiye ninayeenda kunywa chai.