Makombora Yaliyochelewa na Paa la Shosho

Mwalimu wa historia alinipa mada ambayo darasa zima liliikwepa: kwa nini silaha mpya za nyuklia zinazidi kuwa ghali na kuchelewa miaka na miaka. Nadhani alikuwa anaadhibu mdomo wangu.

Jumamosi jioni nilifanya mazoezi ya hotuba sebuleni kwetu Ingleburn, huku ughaibuni. Wasikilizaji walikuwa wawili: Baba, ametoka shifti bandarini Port Botany na bado amevaa jaketi la kazi la kung'aa, na mama yake, Shosho wangu, kwenye video kutoka Nyeri, ambako kulikuwa asubuhi. Simu tuliiegemeza kwenye chupa ya tomato sosi.

"Shosho, wenye silaha walidhani makombora mapya yatakaa kwenye mashimo ya zamani ya kurushia. Wakakuta hayafai, lazima yachimbwe mengine. Bei ikapaa. Mafundi waliojua kazi nao wamestaafu."

"Kwa hivyo hawajamaliza?"

"Bado sana."

"Asante Yesu. Wachelewe tu!"

Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani, nami nikipata mtu wa kucheka sijui kunyamaza. "Ni kama nyumba anayokujengea Baba huko, Shosho! Fundi anadai simiti kila wiki na ukuta umeishia kwenye madirisha."

Baba aliacha kutafuna. Hapo ndipo nilipokumbuka: alikuwa amemwambia Shosho paa liko juu, na kwamba Krismasi atatoka kwenye kile chumba kinachovuja. Nilitamani mtandao ukatike.

"Mama, huyu mtoto..."

"Muache. Kila Jumapili nikitoka kanisani napita pale, nakaa kwenye mawe. Paa sijaliona."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeongeza shifti. Na hivyo ulivyokonda!"

Baba alijifuta uso kwa mkono wa jaketi. "Paa halipo, Mama. Krismasi hatutawahi. Sijui ni lini."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hajui. Nilisogea nikakaa karibu naye, bega kwa bega, bila mzaha wowote, jambo ambalo kwangu ni kama ugonjwa.

"Sawa," Shosho akasema. "Lakini kwa vile mmechelewa, lile dirisha la jikoni mmeliweka vibaya. Nikipika nitatazama choo cha jirani."

Baba alicheka, macho bado yamelowa. Akageuza karatasi yangu ya hotuba, akanipokonya kalamu.

"Haya, Mama. Tulihamishie upande gani?"