Yai Juu ya Kope

Kabla mashine haijaja, Mwanvita alitotolesha vifaranga kwa taa ya chemli pale Mwembesongo. Joto alilipima kwa kope: anachukua yai, anafumba jicho, analiweka juu yake. Likipoa, anapandisha utambi, likichoma, anashusha. Watu walimcheka, lakini vifaranga walitoka.

Ikaja mashine ya umeme, ikaja na msaidizi kijana, Joyce, na cheti chake cha mifugo. Miaka mitatu Mwanvita hakupima yai hata moja. Alisoma namba, akanywa chai. Kipimajoto cha mkono kilipovunjika, hakuna aliyenunua kingine. Cha nini?

Asubuhi hiyo mayai mia sita ya akina mama wa Mgeta yalikuwa yametimiza siku kumi na saba. Mwanvita akafungua kidirisha cha mashine, hewa ikampiga usoni, nzito kuliko kawaida. Namba ilisema thelathini na saba na nusu.

"Iko sawa, mama," Joyce alisema. "Si unaona taa ya kijani?"

"Taa hailalii mayai."

Akachomoa yai, akaliweka kopeni. Linachoma? Au ndiyo joto lake? Hakujua. Akajaribu jicho la pili, hakujua vilevile, na hapo ndipo hofu ilipomshika. Akizima bure, mayai yatapoa, akiacha, yataiva. Na wale akina mama waliyateremsha mlimani kwa kuamini jina lake, si la mashine.

"Tumpigie fundi," Joyce alisema.

"Fundi yuko Dar. Akifika atakuta tumeshachemsha."

Akatoka mbio hadi jikoni kwa jirani yake Maimuna, kuku alikokuwa amelalia mayai. Akaingiza mkono, akadonolewa mpaka damu, akatoka na yai. Aliporudi, la kuku akaliweka jicho la kushoto, la mashine jicho la kulia. La mashine lilikuwa moto.

"Zima. Fungua mlango."

"Mama, una hakika?"

"Njoo upime. Macho unayo mawili."

Joyce akapima. Akazima, akafungua mlango. Mwanvita akarudisha yai la watu, akadonolewa tena. Siku nne zilizobaki wakawa wanawasha na kuzima kwa kupima kopeni.

Siku ya ishirini na moja trei za chini zilikuwa kelele tupu za vifaranga. Ya juu kabisa, iliyokaa karibu na chanzo cha joto, ilikuwa kimya. Joyce akafungua daftari, akaandika kwamba mashine ilisoma joto vibaya.

"Ongeza hapo," Mwanvita alisema. "Mwanvita hakupima yai miaka mitatu."