Mashine ya Kokulinda Iliyojifungia

Shule niliiacha darasa la tano, walimu wakashukuru, maana nilikuwa nawamaliza kwa maswali. Lakini kwa viyoyozi, mtaa mzima wa Nyakato niulizie mimi. Ndiyo maana mchana ule nilikuwa chumba cha mashine cha Kokulinda, nimefungua kiyoyozi nakisafisha.

Kokulinda ni Mhaya, baba yake analima kahawa Muleba, na kwa maringo ananikaribia hata mimi. Ana kompyuta moja kubwa, na ndani yake zinaishi kompyuta nyingine kibao zisizo na umbo, kila moja inajiona iko peke yake duniani. Kuna programu inazigawia zamu. Hiyo programu ndiyo kazi yake, na bosi alishamwambia: isipopona leo, kazi wanapewa watu wa Dar.

Ugonjwa wenyewe sasa! Ukiiacha, inachapa kazi. Ukiiuliza tu zamu ya nani, inaanza kujibu, inakata neno katikati. Kimya. Taa zinawaka, feni inavuma, ndani hakuna mtu.

Kokulinda akaiwasha upya, akaiuliza. Ikakata palepale.

"Dada Koku, hiyo imelogwa. Nyie Wahaya mmezidi."

"Nyamaza we Msukuma, safisha kiyoyozi."

Akasoma maandishi ya hiyo programu, midomo inacheza. Mara akatulia. Vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama, na kiyoyozi nimekizima.

"Kumbe inajifungia," akasema polepole. "Ikitaka kutaja zamu inapiga kufuli, orodha isiguswe. Ikiwa humo, inapigwa hodi. Inaacha kila kitu, inatoka kuitikia. Na kuijibu hiyo hodi lazima iingie tena chumba kilekile ilichokifunga."

"Si ifungue?"

"Mwenye ufunguo ndiye huyo aliyeko mlangoni, anasubiri afunguliwe."

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

Nikacheka. Nikageuka kuangalia mlango.

Akairekebisha: kwanza izuie hodi, ndipo ifunge; ikishataja, ifungue, ndipo hodi ziruhusiwe. Akabonyeza. Ikataja zamu zote, mpaka mwisho.

"Kazi yako hiyo, dada! Wa Dar wabaki na foleni zao! Mpigie bosi."

Hakushika simu.

"Kila nilipoiuliza," akasema, "nilikuwa naiacha pale nje ya mlango wake, inajisubiri."

"Koku, hicho chuma!"

Ndipo akapiga. "Bosi, imepona," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.