Kisu Kinachofunguka kwa Mkono Mmoja

Mdogo wangu alikuja kwangu Nyanga Jumapili baada ya ibada, akala ndizi, kisha akanieleza namna mvuvi mwenzao alivyokufa. Amevua samaki kisiwani Goziba kwa zaidi ya miaka ishirini, wala si mtu wa kupamba habari. Jambo hilo alilishuhudia kwa macho yake, akiwa kwenye mtumbwi wa pili. Mwenzao alikuwa akishusha nyavu. Kamba ya nanga ilimzunguka kifundo cha mguu, jiwe likaenda chini, naye akavutwa. Walipompata kesho yake, kisu chake cha kukunja kilikuwa kimo kiganjani, hakijafunguliwa. Mkono wa pili alikuwa ameushikiza kwenye ukingo wa mtumbwi hadi nguvu zilipomwisha, na kisu cha aina ile hudai mikono miwili: mmoja hushika mpini, mwingine huvuta bapa kwa ukucha.

"Na mimi ninacho kama chake," mdogo wangu akasema, akakiweka mezani kando ya sahani.

Nilijaribu kukifungua kwa mkono mmoja. Nilishindwa.

"Kaka, wewe ndiye unayejua kuchagua vitu. Nitafutie kinachofunguka kwa mkono mmoja. Ninavuka Jumatano, na safari hii mimi ndiye nitakayeshika kamba ya nanga."

Maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikikagua ubora wa kahawa. Nilipokea magunia ya watu walioapa kwamba kahawa yao imekauka vizuri, nami sikupata kutegemea kiapo. Nilichota sampuli, nikaipasua punje, nikainusa, nikaipima. Niliwaudhi wengi. Lakini sikumbuki gunia bovu lililopita mbele yangu kwa sababu ya maneno ya mwenye gunia. Kwa hiyo niliipokea kazi ya kisu kama nilivyozipokea nyingine, nikatenga shilingi elfu thelathini katika pensheni yangu na kuazimia kutozidisha hata shilingi moja.

Jirani yangu, ambaye ng'ombe wake hula majani mpakani mwa kibanja changu cha migomba, alinisimamisha njiani, akaniita kwa heshima ya Kihaya.

"Mzee waitu, nasikia unakwenda kununua kisu cha springi. Si ndivyo vya majambazi hivyo? Polisi wanakamata."

"Wamemkamata nani?"

"Aa, watu wanasema."

"Watu gani?"

"Sasa wewe nawe! Unataka nikuletee na mashahidi?" Akacheka, akampiga ng'ombe mgongoni.

Nilimfafanulia kwamba kisu ninachokitafuta hakiruki chenyewe kwa kubonyeza kitufe. Mtu husukuma kijiti kidogo kilicho kwenye bapa kwa kidole gumba, na bapa likishaanza kutoka, springi humalizia. Sidhani kama alinisikiliza.

Mtaani Kashai kuna duka dogo la mama mmoja anayeuza ndoano, betri, kamba, sufuria na visu. Alinitandikia vitatu juu ya kaunta, vyote ndani ya bajeti yangu. Cha kwanza kilifunguka kwa kishindo cha kupendeza, lakini nilipokikandamiza mgongo wa bapa, kifungio kiliachia na bapa likarudi kuelekea vidoleni mwangu. Nikakisukuma pembeni. Cha pili kilifunguka bila kusita, mara ishirini kwa mkono wa kulia na mara ishirini kwa wa kushoto. Kifungio hakikutikisika, mpini ulikuwa na mikwaruzo ya kuzuia kuteleza, na bapa lilikuwa laini, jembamba, lisilo na doa. Cha tatu kilikuwa imara vilevile, ila nusu ya makali yake ilikuwa na meno kama ya msumeno, na springi yake ilikuwa nzito kidogo.

"Wavuvi wanachukua chenye meno," yule mama akasema.

"Umewaona wakikata nacho?"

"Mimi nitawaonea wapi, Mzee? Niko hapa dukani. Nasikia wanavyosema."

"Basi hujui."

Akanitazama, mikono kiunoni. "Na wewe umewaona wakikata na hicho laini?"

Swali lilikuwa la haki. Nililipia cha pili, nikaondoka.

Nyumbani nilifanya nilichoamini kuwa ni uchunguzi kamili. Nilikinoa juu ya jiwe langu laini kuliko yote, lile ninalonolea wembe, hadi bapa likang'aa na kunyoa vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi. Kisha nikatafuta kamba. Nyanga, mtu akisema kamba, mkono huenda wenyewe kwenye mgomba. Kuni tunazifunga kwa magamba ya mgomba yaliyokauka, nyasi za kutandaza nyumbani hufungwa hivyohivyo, na hata kuku anayepelekwa sokoni. Nilisokota kamba nene ya magamba hayo, nikailoweka kwenye ndoo usiku kucha ili iwe kama ya ziwani, asubuhi nikaikaza kwa mguu na kuikata kwa mkono mmoja. Ilikatika kwa pigo moja. Nikarudia mara kumi. Mara kumi, pigo moja.

Jumanne jioni nilimkabidhi mdogo wangu. Alikifungua na kukifunga, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

"Una uhakika, Kaka?"

"Nimekipima mwenyewe."

Jumatano akavuka.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu hivi nilisikia jirani akiita kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa jambo dogo. Ndama wake alikuwa ameizunguka nguzo hadi kamba ikambana shingo. Ulimi ulikuwa nje, macho yamegeuka. Nilitoka na kisu changu cha jikoni, nilichokinoa siku moja na kile cha mdogo wangu, juu ya jiwe lilelile. Nikakishusha kwenye kamba. Kikateleza. Nikavuta tena, kikateleza tena, kama mtu anayekata maji. Ndipo nilipotazama nilichokuwa nikikikata: kamba ya nailoni, ya kijani, ile wanayofungia nyavu, imelowa chapachapa na kukazwa na uzito wa mnyama.

"Kata, Mzee! Anakufa!"

Nilikuwa nakata. Nilihesabu kimoyomoyo, kwa mazoea ya kazi, na nilipofika ishirini na saba uzi mmoja tu ndio uliokuwa umeachia. Jirani alinisukuma kando, akaja na msumeno wake wa kupogolea mibuni. Meno yakauma, akavuta mara mbili, kamba ikatoka. Ndama akaanguka, akakohoa, akabaki hai.

Jirani alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa bado nimeshika kisu kile kinachong'aa. Nilikuwa nimechota sampuli isiyo ya gunia lile. Tena ule ung'avu niliojivunia ndio uliozidisha ubaya: makali yaliyosuguliwa hadi kuwa kama kioo hayana pa kushika kwenye nailoni iliyolowa. Ishirini na saba, nami nilikuwa nimesimama juu ya ardhi, napumua.

Nilimpigia mdogo wangu simu. Haikupatikana. Nikapiga hadi saa sita, haikupatikana. Nilikwenda Kashai, na yule mama, aliponiona nikinyoosha kidole kwenye kisu chenye meno, alikifunga kwenye gazeti. Mlangoni nilimwomba pia kipande cha kamba ya nailoni. Nilikilowesha kwenye dimbwi mbele ya duka lake, nikakikanyaga, nikakata. Meno yalikimaliza kabla sijafika mbili.

Jumamosi asubuhi nilishuka kwenye mwalo mmoja wa Muleba, mahali ambapo boti za Goziba hupakia abiria na mizigo. Ziwa lilikuwa na rangi ya risasi na mawimbi yalipiga kwa pembe nisiyoipenda. Nahodha alikuwa akifunga turubai.

"Leo hatuvuki, Mzee. Pengine kesho."

"Nina kitu cha kupeleka."

"Hata ungekuwa na jeneza, hatuvuki."

Nilikuwa bado nimesimama mbele yake simu ilipolia. Alikuwa mdogo wangu. Sauti yake ilikatikakatika kwa upepo.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kambini. Mgongo umenikamata tangu Alhamisi, siingii majini."

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Nilimshukuru Mungu, nikamweleza yote: nailoni, ndama, jiwe laini.

"Kaka," akasema, "kile kisu sinacho. Nimempa mwenzangu anayeshika kamba mahali pangu."

"Mnyang'anye."

"Ametoka jana alasiri. Nilimwambia umekipima kwa mikono yako, umenoa mwenyewe, mara kumi pigo moja. Alifurahi sana. Chake cha zamani alikitupa ziwani, kilikuwa kimebomoka, kimejaa mapengo kama meno ya kizee."

Katika maisha yangu yote sijawahi kukisikitikia kisu kibovu kama nilivyokisikitikia hicho.

"Akirudi," nikamwambia, "akisugue kwenye jiwe la kawaida, lenye chembe kubwa. Kisiwe laini. Umenielewa? Kisiwe laini."

"Akirudi nitamwambia."

Nilipata chumba karibu na mwalo. Jumapili upepo haukupungua, wala sikwenda ibadani. Jumatatu mdogo wangu alipiga simu kusema mitumbwi minne kati ya mitano iliyotoka pamoja imekwisha kufika kambini. Aliniambia ni upi ambao haujafika, ingawa sikuwa nimeuliza: ule wa mwenye kisu.

Mchana ule boti moja ndogo ilitia nanga ikitoka visiwa vingine. Watu waliizunguka kwa maswali. Mmoja wa abiria, mwanamume mwenye ndoo ya sangara kichwani, alikuwa akisema kwa sauti kwamba mtumbwi wa Goziba umeonekana umejibanza nyuma ya kisiwa kidogo, watu wote wakiwa salama.

Nilimshika mkono wa shati.

"Uliuona?"

"Sikuuona mimi, Mzee. Nimesikia wakisema."

"Nani alisema?"

"Watu tu, huko mwaloni."

Alitaka kuendelea na safari yake. Sikumwachia. Nilimwomba atue ndoo yake chini, kama haitamchelewesha sana, anieleze tena kila walichosema.