Shuka Lililoishia Mombasa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza ramani na Bahari ya Shamu. Visiwa vyake vilinipa taabu, na mimi kitu kikinipa taabu siwezi kukiacha. Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu Bulembia, pale Kasese, mwaka wa pili tangu nimalize shule, sina kazi, najisomea vitabu vya mitumba. Shuka nililochorea lilikuwa la shangazi pia. Sikuwa nimemwomba.

Wasafirishaji wa Bwera walikuwa wanatafuta katibu. Majirani zetu wenye bandari ya Mombasa walikuwa wanakaribia uchaguzi, na uchaguzi wao ukikaribia, petroli ya Kasese hupanda kabla mtu yeyote hajapiga kura. Mwenyekiti wa wasafirishaji, Haji mmoja mwenye malori matatu, alisikia kwamba kuna kijana anayesoma habari za bahari. Akaniita nije niwaeleze kama kahawa ipite Mombasa au Dar es Salaam. Nikieleza vizuri, ukatibu ni wangu.

Nilichora siku tisa. Visiwa nilivifuta mara nne. Siku ya kumi nikatundika shuka kwenye ukuta wa stoo ya kahawa pale Bwera, karibu na mpaka, mbele ya watu kama kumi na watano waliokalia magunia. Msumari mmoja ukaingia Uajemi.

Nikaeleza jinsi bahari moja inavyowalazimisha majirani wagombane leo na kuoana kesho. Nikaeleza kwamba anayeshika mlango mwembamba wa Bahari ya Shamu anaweza kuwatoza wafalme walio mbali naye. Dereva mmoja akauliza kama mlangoni hapo kuna mizani ya malori. Haji, aliyewahi kwenda kuhiji, akasema rangi yangu ya maji ni sawa, aliiona kutoka kwenye ndege. Nikajiona nimeshapata kazi.

Ndipo mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mnunuzi wa kahawa mwenye rozari shingoni, akainua mkono.

"Mutoto yangu, karte yako iko muzuri. Bwera iko fasi gani?"

Nikatazama shuka. Mombasa ilikuwa chini kushoto kabisa, kwenye pindo, nusu yake imeshonewa ndani. Bwera haikuwemo. Nikanyoosha kidole ukutani, mbali kidogo na shuka, palipokuwa na buibui.

Walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye gunia. Masikio yalinichoma. Nilitaka kusema kwamba shuka lilikuwa la kitanda kidogo.

Mama yule hakucheka. Alivuta gunia lake mpaka chini ya buibui, akaketi, akatangaza kwamba yeye sasa ni Bwera. Haji akasimama kando ya pindo, akawa Mombasa. Mfanyabiashara wa chumvi akasimama katikati, akawa Malaba, mpaka wa kuingilia kwa majirani, na hapo hapo akaanza kudai karatasi kwa sauti ya afande. Dereva akabeba gunia begani, akapita Malaba baada ya matusi machache, akafika kwa Haji. Haji akakunja mikono.

"Mombasa leo inapiga kura. Rudi kesho."

"Haji, hii gunia ni ya kweli," dereva akasema, jasho likimtoka.

Haji hakujali. Alikuwa anaufurahia ubandari. Nikaona kwamba maneno yangu ya siku tisa yalikuwa yamesimama pale mbele yangu, yanatoka jasho, na kuna neno moja tu lililobaki kusemwa.

"Haji, Mombasa inakula kwa mzigo wa watu hawa," nikasema. "Usipopokea, watapita mpaka wa Mutukula waende Dar. Wewe utabaki na maji tu."

Haji akakunjua mikono, akapokea gunia.

"Apo sasa umesema," akasema mama wa Butembo kutoka chini ya buibui.

Wakakubaliana nusu ya kahawa ipite Dar mpaka uchaguzi uishe. Nikapewa ukatibu wa majaribio, miezi mitatu. Shangazi alilifua shuka mara tatu, wino ukakataa, akalala juu ya Arabuni mpaka nilipomnunulia jingine kwa mshahara wa kwanza.

Siku hizi nikichora ramani, naanzia Bwera. Mara mbili karatasi imeisha kabla sijafika baharini, na sikufuta.