Santuri ya Salimu

Wenzangu, leo nimeisimamisha santuri katikati ya vigelegele, na sijuti.

Mjukuu wangu Salimu, anayesomea muziki chuo kikuu huko Uingereza, katutumia santuri yenye sauti yake. Mtaa wetu mzima wa Bofu ukajaa kwa jirani yangu Mwanaisha kusikiliza.

Salimu akaanza kuimba kwenye santuri.

Wimbo ule niliutunga mimi, nikimwimbia akiwa na homa tu. Akipona, hataki hata kuusikia!

"Bibi, furahi, mjukuu anawaimbia Wazungu!" akasema Mwanaisha.

"Wallahi nyamaza! Mtoto mgonjwa, nanyi mwamshangilia?"

Santuri yenyewe imekaa njiani miezi.

Nani kwenu ana baharia wa meli za Uingereza? Mwambieni amshike Salimu paji la uso, aniletee jibu.